Inverta inayomaliza betri usiku: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mwenye sola inayojitegemea: paneli, chaji kontrola, betri na inverta, bila gridi ya kukimbilia mambo yakiharibika. Lalamiko ni lile lile karibu kila mara. Jioni betri imejaa, alfajiri inverta inapiga mlio, na kila anayeulizwa ndani ya nyumba anaapa hakuwasha kitu. Hesabu nimezifanya kwa mfumo wa volti 12. Mwenye 24 azidishe volti kwa mbili, mwenye 48 kwa nne.

Nimezima taa zote na kuchomoa kila kitu. Umeme wa betri unaishia wapi?

Kwenye inverta yenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako. Ikishawashwa, inverta hutengeneza volti 230 hata kama hakuna wa kuzitumia. Transista zake zinafunguka na kufunga maelfu ya mara kwa sekunde, transfoma inatiwa sumaku na kuvuliwa, bodi ya kudhibiti iko macho, na feni wakati mwingine inazunguka. Anayelipia yote hayo ni betri.

Chukua inverta inayokula wati 20 bila mzigo wowote, kiwango cha kawaida tu. Kwa saa 24 ni wati-saa 480, yaani ampea-saa 40 kutoka betri ya volti 12. Betri ya risasi ya ampea-saa 100 haitakiwi kuguswa zaidi ya nusu ukitaka idumu. Basi kati ya ampea-saa 50 ulizo nazo kwa matumizi, 40 zimekwenda kabla hujawasha taa hata moja. Ukitazama upande wa paneli inauma zaidi: paneli ya wati 100 hutoa takriban wati-saa 300 hadi 400 siku ya jua zuri. Kumbe kuna paneli nzima pale juu ya paa, na bado haitoshi, ambayo kazi yake ni kulisha inverta iliyokaa bure.

Watu wakipanga mfumo huorodhesha balbu, televisheni na redio. Inverta hawaiandiki. Iandike ya kwanza.

Yangu inakula kiasi gani, na nitajuaje?

Anza na kitabu chake au kibandiko kilicho ubavuni. Tafuta matumizi bila mzigo. Mara nyingine yameandikwa kwa ampea, nawe uzidishe kwa volti za betri. Inverta ndogo ya wati 300 hula wati chache tu. Ya wati 1000 yenye mawimbi safi, yaani inayotoa umeme laini kama wa gridi, huzunguka kwenye 10, juu au chini kidogo. Ya wati 3000 hufika 20 hadi 30, na zile haibridi (inverta zenye chaji kontrola ndani yake) za kilowati 5 zilizojaa siku hizi zinaweza kula 50 hadi 70. Wati 60 usiku na mchana ni wati-saa 1440. Kuna nyumba ambazo taa, redio na chaja za simu zikijumlishwa hazifiki hapo.

Karatasi wakati mwingine inajipendelea, kwa hiyo pima. Kifaa kizuri ni mita ya klampu inayosoma umeme wa moja kwa moja (DC), ule wa betri. Soma vizuri kabla ya kununua, kwa sababu klampu nyingi za bei nafuu husoma umeme wa mkondo geu (AC), ule wa nyumba, pekee na kwenye waya wa betri zitakuonyesha sifuri. Pima usiku, paneli zikiwa hazizalishi. Usichomeke multimeta ya kawaida katikati ya waya wa betri: inverta inapounganishwa, kapasita zake (vihifadhi umeme vilivyo ndani yake) huvuta mkondo mkubwa kwa mpigo mmoja, na fyuzi ya mita inakatika hapo hapo, kama si mita yenyewe.

Chukua vipimo viwili. Cha kwanza, kila kitu nyumbani kikiwa kama unavyokiacha unapokwenda kulala. Cha pili, baada ya kushusha swichi kuu ya nyumba, inverta ikiendelea kuwaka. Kipimo cha pili ni ulaji wa inverta peke yake. Tofauti ya viwili hivyo ni vitu ulivyodhani vimezimwa: televisheni yenye taa nyekundu, king'amuzi, chaja zilizobaki ukutani, saa ya maikrowevu. Nimeona tofauti hiyo ikiizidi inverta yenyewe, na king'amuzi ndicho mkosaji wa kudumu, maana vingi vikizimwa kwa rimoti vinaendelea kufanya kazi kama kawaida na kuficha picha tu.

Kwani inverta si ina kinga ya kujizima betri ikishuka?

Inayo. Swali ni inamkinga nani.

Inverta nyingi za kawaida hukata zikifika volti 10.5, nyingine 10. Haibridi za volti 24 na 48 mara nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimewekwa 21 na 42. Gawanya utakuta ni 10.5 ile ile. Namba hiyo haikuokotwa. Betri ya risasi ya volti 12 ina seli sita, na volti 1.75 kwa kila seli ndipo wapimaji wa betri husema imekwisha. Yaani kinga hiyo inangoja betri iwe tupu ndipo ichukue hatua.

Linganisha na betri iliyopumzika bila kutumika. Ikiwa imejaa husoma karibu 12.7. Nusu ni kama 12.2. Ikisoma 12.0 imebaki robo hivi, na chini ya 11.9 huna la kujisifia. Mzigo mkubwa huibonyeza volti, kwa hiyo betri nzuri inaweza kugusa 11 pampu ikianza kisha ikapanda tena, na hilo si ugonjwa. Usiku ni jambo jingine. Mzigo ni mdogo, volti haibonyezwi na chochote, basi ikisoma 10.5 ni kweli imekauka.

Halafu kuna mchezo ambao wengi hawaujui. Inverta inakata, betri inapumzika, volti inapanda yenyewe hadi 12 na kitu, inverta inaona nafuu na kujiwasha tena. Inakula kidogo kilichobaki, inakata, inarudi. Unaweza kulala usingizi mzito huku hayo yakijirudia mara kadhaa. Betri ya risasi ikiachwa tupu, salfeti hujengeka na kuwa ngumu juu ya sahani zake ndani ya siku chache, na uwezo uliopotea namna hiyo haurudi wote hata ukiichaji wiki nzima.

Basi kikomo kiwe volti ngapi?

Inategemea mizigo yako. Kama usiku ni taa na simu tu, betri ya risasi iwekee 12.0 hadi 12.2. Kama kuna friji au pampu inayoanza kwa nguvu, kikomo cha juu hivyo kitakukera kwa kukata kila mota inapoanza. Shusha hadi 11.5 au 11.8, na kama inverta ina mpangilio wa kuchelewesha ukataji kwa sekunde kadhaa, utumie. Inverta bora zaidi hubadilisha kikomo kulingana na mkondo unaovutwa, juu kwa mzigo mdogo na chini kwa mzigo mkubwa. Kama yako inayo, imekutatulia tatizo hili.

Volti ya kuwaka tena ina uzito kama ya kukata. Iweke 12.8 au 13, kiwango ambacho betri ya risasi iliyochoka haiwezi kukifikia bila chaji kuingia. Hapo ule mchezo wa kukata na kurudi unakwisha: inverta itangoja jua.

Kwa betri ya lithiamu ya chuma na fosfati, 12.0 ni mahali pazuri pa kukata, lakini volti ni shahidi mbovu kwa betri hizi. Kati ya robo tatu na robo ya chaji inabadilika kwa sehemu chache tu za kumi ya volti. Ukitaka kujua kilichobaki, funga mita ya shanti inayohesabu ampea zinazoingia na kutoka.

Inverta yangu haina sehemu ya kubadilisha kikomo. Niitupe?

Hapana. Inahitaji mtu mwingine wa kuiamuru izime.

Chaji kontrola nyingi zina matundu mawili ya mzigo, yale yenye alama ya balbu au neno LOAD. Hukata kwenye volti 11.1 hivi na kurudi kwenye 12.6, na nyingi zinakuruhusu kubadilisha. Kishawishi ni kuunganisha inverta hapo moja kwa moja. Usifanye hivyo. Matundu hayo yametengenezwa kwa ampea 10, 20 au 30, na inverta ikitoa wati 1000 huvuta zaidi ya ampea 90 kwenye betri ya volti 12. Hata ikikaa bila mzigo, zile kapasita zitapiga kontrola kwa mkondo wa ghafla kila inapowaka. Kontrola nyingi zimekufa kwa njia hii, na mwenyewe akalaumu kiwanda.

Njia sahihi ni kutumia matundu hayo kama ishara tu. Inverta ikiwa na sehemu ya swichi ya mbali, ile ya kuwashia kutoka chumba kingine, yaunganishe matundu ya mzigo na rilei ndogo (swichi inayoendeshwa na umeme), na rilei ifungue na kufunga swichi hiyo. Waya mnene wa betri unabaki kwenda kwenye inverta kupitia fyuzi yake, hauguswi. Angalia tu rilei unayochagua: rilei ya gari hula takriban wati mbili muda wote inaposhika, na ungekuwa umeziba tundu moja kwa kutoboa jingine. Rilei ndogo ya bodi hula sehemu ndogo ya hiyo.

Vipo pia vifaa vya kulinda betri vinavyokaa kwenye waya mkuu na kukata volti ikishuka. Vya kielektroniki vingi havivumilii mkondo wa kapasita za inverta, wala havitakiwi kupitisha mkondo wa kurudi nyuma kutoka kwenye chaja. Maelekezo ya baadhi husema waziwazi kwamba inverta izimwe kupitia swichi ya mbali. Soma kabla ya kukata waya.

Hali ya kuokoa umeme, ile ya ECO, inasaidia kweli?

Inasaidia, kwa masharti. Katika hali hiyo inverta hulala, na kila baada ya sekunde chache hutuma mpigo mfupi wa umeme kuuliza kama kuna mtu. Ikipata mzigo unaozidi kiwango fulani, tuseme wati 25, inaamka. Ulaji wake unashuka sana ikiwa imelala.

Tatizo ni kwamba balbu za siku hizi ni ndogo. Balbu ya wati 5 haitoshi kuiamsha, basi itakonyeza kila sekunde kadhaa, wewe umekaa sebuleni kama uko kwenye radi. Chaja ya simu nayo haitambuliki. Friji zenye bodi ya kielektroniki zinachanganyikiwa kabisa, maana bodi inahitaji umeme kwanza ndipo iamue kuwasha kompresa, na inverta inangoja kompresa ndipo itoe umeme. Wenye inverta zinazoruhusu kushusha kiwango cha kuamkia wakishushe na kujaribu. Wengine waiwashe hali hii wanapolala, ikiwa hakuna kitu cha lazima usiku.

Nizime kwa kitufe au nikate kwenye breka ya betri?

Kitufe kwanza, kila siku. Inverta iliyozimwa kwa kitufe hula kidogo mno, ingawa baadhi ya haibridi huacha skrini na sehemu ya kuchaji zikiendelea. Breka ya betri ni kwa matengenezo au kuiacha kwa muda mrefu, na iwe ya umeme wa moja kwa moja kweli: breka ya umeme wa nyumba ikikata mkondo wa betri inaweza kushindwa kuzima cheche na kuungua ndani.

Ukirudisha waya wa betri kwenye inverta kubwa utaona cheche na kusikia mlio mkali. Ni kapasita zinajaa. Fundi makini hugusisha kwanza kupitia kizuizi cha umeme (resista) kwa sekunde kadhaa ili zijae taratibu, ndipo anafunga moja kwa moja. Na kabla ya kuondoa betri kwenye chaji kontrola au haibridi, kata paneli kwanza; wakati wa kurudisha, betri inatangulia, paneli zinafuata.

Kubonyeza kitufe cha mbele si sawa na kuzima swichi kuu ya nyumba?

Sivyo. Swichi kuu iko baada ya inverta. Ukiishusha unaokoa televisheni na chaja, lakini inverta bado inakula sehemu yake.

Usiku nahitaji taa tatu na intaneti tu. Lazima inverta iwake?

Si lazima, na hapa ndipo penye akiba kubwa kuliko mahali pengine pote. Balbu ya wati 10 kupitia inverta inayokula 20 inakugharimu wati 30: theluthi moja ndiyo mwanga. Inverta hufanya kazi vizuri ikiwa na mzigo wa kutosha, takriban theluthi hadi nusu ya uwezo wake, ambapo nyingi hupitisha asilimia 90 au zaidi. Kwenye mzigo mdogo inapoteza zaidi ya inachotoa.

Funga mstari wa volti 12 kwa taa za usiku, moja kwa moja kutoka matundu ya mzigo ya kontrola, ambayo kazi hiyo ndogo ndiyo saizi yake. Simu zitachajiwa kwa soketi za USB za volti 12. Ruta nyingi za intaneti zinatumia volti 12 ndani. Ile adapta yake ya ukutani inashusha 230 kuwa 12, ambazo inverta ilizipandisha kutoka 12. Lakini usiichomeke kwenye betri bila kufikiri. Betri inayochajiwa hupanda hadi 14.4 na zaidi, na kifaa cha volti 12 kamili kinaweza kuungua. Weka kigeuzi kidogo kinachotoa 12 thabiti. Wa mfumo wa 24 au 48 watahitaji kigeuzi kwa vyovyote. Na kila mstari uwe na fyuzi yake karibu na betri.

Na friji je?

Friji haitaki mjadala wa kuzima usiku kucha, ingawa iliyojaa na yenye mlango mzuri inavumilia saa kadhaa. Ninachopendekeza ni inverta mbili. Kubwa kwa ajili ya pasi, pampu na mashine za mchana jua likiwa kali, inazimwa jioni. Ndogo yenye mawimbi safi kwa friji pekee, saizi inayoweza kubeba mwanzo wa kompresa, ambao huwa mara kadhaa ya wati zilizoandikwa mgongoni. Kila moja na waya na fyuzi yake kutoka betri.

Matokeo ya inverta hizo mbili yasikutane kamwe kwenye nyaya za nyumba. Zisipotengenezwa kufanya kazi sambamba, moja itaua nyingine dakika hiyo hiyo. Tumia soketi tofauti, au swichi ya kubadilishia isiyoweza kuruhusu zote kwa pamoja.

Ninunue kubwa kabisa sasa, nitaongeza vitu baadaye?

Hiyo baadaye utailipia kila usiku kuanzia leo.

Inverta inalia na kuzima, lakini mita inaonyesha betri imejaa.

Hapo betri haiishi, ila umeme haufiki. Pima volti kwenye vichwa vya betri, kisha kwenye vichwa vya inverta, mzigo ukiwa unafanya kazi. Tofauti ikizidi sehemu mbili tatu za kumi ya volti, waya ni mwembamba, ni mrefu mno, au kuna kiungo kimelegea au kimeota kutu. Kwa ampea 90, uchafu kidogo chini ya nati unatosha. Zima, safisha, kaza, pima tena. Kiungo chenye joto kuliko waya unaokizunguka ndicho unachokitafuta.

Nimefanya yote. Asubuhi betri bado iko chini.

Sasa ishuku betri. Ichaji hadi ijae kweli, na kumbuka kwamba 13 na kitu jioni mara tu jua linapozama si ushahidi. Ni volti ya juu juu ambayo haijatulia. Itenganishe na kila kitu usiku mzima, pima asubuhi. Betri ya risasi iliyo nzima hupoteza asilimia chache kwa mwezi, siyo kwa usiku, na lithiamu vivyo hivyo. Ikishuka kutoka 12.7 hadi 12.2 ikiwa peke yake, imekufa. Ikisoma karibu 10.5 baada ya kuchajiwa, seli moja imepiga shoti ndani, maana kila seli ina takriban volti 2.1 na wewe umepungukiwa na moja. Betri za maji zinakupa njia nyingine: pima uzito wa tindikali kwa haidromita. Iliyojaa husoma karibu 1.265, na seli inayojitenga na wenzake ndiyo mgonjwa.

Kama betri yenyewe ni ya kuwashia gari, huna haja ya kupima chochote. Imetengenezwa kutoa nguvu kubwa kwa sekunde chache, na kuishusha kila usiku kunaimaliza ndani ya miezi.

Betri yangu ya lithiamu ina BMS ndani. Si inatosha?

BMS, ile bodi ndani ya betri inayosimamia seli zake, ni mlinzi wa mwisho. Hukata seli zikifika karibu volti 2.5, yaani 10 kwa betri nzima, na ikishakata betri inaonekana kwa nje kama haina volti kabisa. Baadhi ya chaji kontrola zikikosa kuona volti ya betri hazianzi kuchaji, hata jua liwe utosini, na utalazimika kuiamsha kwa chaja nyingine. Weka kikomo cha inverta juu ya hapo ili BMS isifikiwe.

Nasafiri wiki mbili. Niache nini kimewaka?

Zima inverta kwa kitufe, kisha breka yake. Paneli na chaji kontrola viache kama vilivyo. Vitaitunza betri vyenyewe, na ulaji wa kontrola ni mdogo sana. Betri za maji ziongezee maji ya betri (yaliyokenekwa) kabla hujaondoka. Friji iache tupu, mlango wazi.